Mchikichi wa Katikati

Ukiniuliza natoka mkoa gani, jibu langu litategemea mwaka unaouzungumzia. Tulipofika Gatete mwaka 2009 tulikuwa watu wa Mkoa wa Bururi. Machi 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, nasi shuleni tukafuta neno Bururi kwenye majalada ya madaftari na kuandika Rumonge. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ikapunguzwa kutoka 18 hadi 5, na sasa Rumonge ni tarafa ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Katika miaka kumi na sita tumekaa katika mikoa mitatu, na hatujahama hata hatua moja.

Ndiyo maana mimi si hodari wa kujivunia mkoa. Ninachojivunia ni kidogo kuliko mkoa: shamba la michikichi la karibu nusu hekta, lenye miti 65. Miti 32 ni yetu. Miti 32 ni ya familia ya jirani. Mmoja umesimama katikati.

Waswahili husema mkataa kwao mtumwa. Tulipoijadili methali hii darasani, wenzangu waliieleza vizuri: usidharau ulikotoka, usijifanye mtu wa mahali pengine. Nilikubaliana nao, ila nilibaki na swali ambalo sikulisema siku ile. Je, kama mahali pamoja ni kwao kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na haki yake, kujivunia kwao kunakuwaje? Nitajaribu kulijibu kwa kueleza tunavyoishi.

Gatete ni mojawapo ya zoni za Rumonge, katika uwanda mwembamba wa Imbo, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Kutoka Bujumbura unafuata barabara ya kusini kando ya ziwa, kiasi cha kilomita sabini hadi mjini Rumonge. Upande mmoja una maji, na ng'ambo yake siku ya anga safi unaiona milima ya Kongo. Upande wa pili ni michikichi. Wageni wanaotoka milimani, ambako kuna baridi na ng'ombe na migomba, husema kwamba kwetu hewa ni nzito. Ni kweli. Hewa yetu ina joto, unyevu na harufu ya mawese yanayochemka. Mtu aliyekulia pale haisikii harufu hiyo mpaka aondoke. Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza chuoni, nilipofungua begi langu bwenini na mwenzangu wa chumba akauliza ni nani amepika.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunakula mawese kwenye maharage na sombe bila kujua yanavyopatikana.

Kazi huanza juu ya mti. Mchikichi mfupi unakatwa mkungu wake kwa panga lililofungwa kwenye mti mrefu. Michikichi yetu imepita urefu huo zamani, kwa hiyo lazima ipandwe. Anayepanda huzungusha kamba nene kiunoni mwake na kwenye shina, akaegemea nyuma na kuisogeza kamba juu hatua kwa hatua. Baba aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka ambao magoti yake yalikataa. Siku hizi anamlipa kijana kwa idadi ya miti, na kila akimtazama anapanda huacha kuongea hadi ashuke.

Mkungu ukishaanguka hauachii chikichi zake siku hiyohiyo. Tunaupasua kwa shoka, tunavirundika vipande na kuvifunika kwa majani kwa siku tatu au nne mpaka vilegee. Kisha kina mama na watoto wanakaa chini kuzichambua chikichi kutoka kwenye miiba. Hapo ndipo habari zote za Gatete hupita: nani ameolewa, nani amevuka kwenda Kigoma, mtoto wa nani amefaulu mtihani wa taifa. Vidole vinachomwa, lakini hakuna anayetaka kuondoka kabla hadithi haijaisha.

Chikichi zilizochambuliwa huchemshwa kwenye pipa kuanzia alasiri hadi usiku. Kuni zake ni makapi ya wiki iliyopita na vikonyo vilivyokaushwa, kwa hiyo mchikichi hujipikia wenyewe. Alfajiri, zikiwa bado moto, zinapondwa na kutiwa kwenye mtambo wa kukamulia. Mtambo ni tundu la chuma lenye parafujo kubwa juu yake na mti mrefu wa kuzungushia. Vijana watatu au wanne wanausukuma wakizunguka kama wanaocheza ngoma, na chini hutiririka maji mazito yenye rangi ya matofali.

Hayo bado si mafuta. Yanarudi jikoni kwenye sufuria kubwa, na hapo kazi inakuwa ya Mama peke yake. Yakichemka, mafuta hupanda juu na uchafu hubaki chini. Mama huyaengua kwa bakuli na kuyachemsha tena ili kukausha maji yaliyobaki. Hatumii kipimo chochote. Anasikiliza. Mafuta yenye maji hupiga kelele sufuriani, na maji yakiisha hunyamaza. Akisikia kimya hicho huondoa moto na kusema, "Haya, leteni bidoni." Bidoni zetu ni zile za njano za lita 20. Mama anajua bidoni ngapi ni karo, ngapi ni mbolea, na ipi haiuzwi kwa sababu ni ya nyumbani.

Hata kokwa hazitupwi. Zinakaushwa juani na kupasuliwa kwa jiwe, na mise iliyomo ndani inauzwa kwa wanaotengeneza sabuni. Hiyo ilikuwa kazi ya Bibi. Alikaa chini ya mwembe, jiwe kubwa mbele yake na jiwe dogo mkononi, akigonga tangu asubuhi. Tulikuwa tukiamka kwa mlio huo kama watoto wengine wanavyoamka kwa jogoo.

Jioni tunakula bugali wa mihogo na ndagala waliokaangwa kwa mawese. Siku ya pesa tunakula mukeke. Watu wa Bujumbura hulipa faranga nyingi kula mukeke kwenye hoteli za ufukweni na kuusifu. Sisi tunauchoma kwenye makapi uani, na watoto wanagombania kichwa.

Sasa nifike kwenye miti 65.

Bibi alizaliwa Gatete na akaolewa Gatete. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua Watutsi wengi katika siku zile za kwanza. Kisha jeshi la serikali likalipiza kisasi kwa Wahutu nchi nzima kwa wiki na miezi, na waliokufa wanahesabiwa kwa zaidi ya laki moja. Wanafunzi wenzangu, kila mmoja wetu amesikia habari hizi nyumbani kwao kwa namna yake, na mara nyingi kila nyumba husimulia nusu moja tu. Mimi nitasema tu yaliyotupata sisi. Babu na Bibi walikimbia usiku kwa mtumbwi, Baba akiwa mtoto wa mgongoni, wakaambaa pwani hadi Tanzania. Nyuma yao waliacha nyumba, mbuzi na michikichi michache ya asili.

Walipelekwa Katumba, karibu na Mpanda, mojawapo ya makazi matatu ya wakimbizi wa mwaka ule pamoja na Ulyankulu na Mishamo. Walipewa msitu, wakaufanya mashamba ya mahindi na tumbaku. Babu alizikwa huko. Baba mdogo na Shangazi walizaliwa huko, na mimi pia. Ilipofika miaka ya 2007 na 2008 watu wa makazi hayo waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi, zaidi ya 160,000, walichagua Tanzania, na uraia wao ulikamilika mwaka 2014. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi. Shangazi yuko katika kundi la kwanza, sisi tuko katika la pili. Familia yetu iligawanyika mezani, kwa fomu na kalamu, wala hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nilikuwa na miaka saba. Tulipanda treni hadi Kigoma, kisha magari, tukavuka mpaka na kupita Mabanda na Nyanza-Lac. Kutoka hapo ziwa lilikuwa kushoto kwetu mpaka mwisho wa safari. Bibi alikaa dirishani na kutaja majina ya mito kabla hatujaifika. Baba hakuwa na jina hata moja la kutaja.

Tulipofika shambani tulikuta michikichi 65 mikubwa, nyumba ya matofali na mzee mmoja amekaa mlangoni.

Mzee yule hakuwa mwizi, na ni lazima niliseme hili mapema. Baada ya 1972 serikali ya wakati ule iligawa mashamba mengi ya waliokimbia. Yeye alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akapewa kipande hicho na karatasi yake. Miaka ya 1980 aling'oa vichaka vilivyokuwa vimeota na kupanda michikichi ya kisasa, ile ya tenera. Nieleze tofauti kidogo. Mchikichi wa zamani, dura, una kokwa yenye ganda nene na nyama kidogo. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ganda lake ni jembamba, nyama ni nyingi, na mafuta ni mengi zaidi. Alizika pale ujana wake wote. Mke wake pia alimzika pale, mwisho wa shamba, kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji.

Kwa hiyo siku ile walisimama watu wawili wakitazamana, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Burundi ilikuwa na maelfu ya kesi kama yetu. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kwa ajili hiyo, na katika miaka ya mwanzo njia iliyotumika sana ilikuwa kugawana. Kwetu walikuja maafisa pamoja na bashingantahe wa kilima. Walihesabu miti. Nakumbuka kamba iliyovutwa kutoka barabarani hadi mferejini, na watoto wote wa jirani tukiifuata kama tunaofuata harusi. Upande huu 32, upande ule 32. Kamba ikapita juu ya shina la mchikichi mmoja. Waliisogeza kushoto, ikaonekana si haki. Waliisogeza kulia, ikawa vilevile. Mushingantahe mmoja mzee akakata shauri: mti huu ni wa katikati, mikungu yake italiwa kwa zamu.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile tuliishi kama ndugu. Haikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza hatukusalimiana. Sisi watoto wa Katumba tulikuwa tumefundishwa kusema "shikamoo" kwa kila mtu mzima. Mimi nilimwamkia yule mzee kila asubuhi nikienda shule, naye hakuitika. Baadaye nilijua kwamba hakuelewa anaitwa nini. Alikuwa mtu wa Kirundi tupu, na kwake neno lile lilikuwa kelele ya wageni.

Hapa inafaa niseme jambo kuhusu lugha yetu hii tunayoisomea. Katika Kirundi, ukimwita mtu "umuswahili" mara nyingi husifii. Maana yake ni mjanja, mtu wa maneno mengi, wa kutoaminika. Kiswahili kilifika kwetu kwa njia ya ziwa na biashara. Wajerumani walikitumia katika utawala wao, na kikakaa mijini na bandarini, Buyenzi na Rumonge, mbali na milima. Sisi tuliorudi tulikileta kingine, kile cha shule za Tanzania. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, na ghafla nikakalishwa mbele ya Kirundi cha kuandika na Kifaransa. Katika shule niliyosoma kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akiigiza lafudhi yetu ili darasa licheke. Darasa lilicheka, na sisi tuliotoka Tanzania tukajifunza kukaa viti vya nyuma.

Lakini soko la Rumonge lilikuwa na akili kuliko darasa lile. Wanunuzi wa mawese na wachuuzi wa samaki walikuwa na watu wa Uvira, wa Kigoma na wa Bujumbura, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Mama, ambaye Kirundi chake kilikuwa cha kubahatisha, alijua kuuza. Yule mzee jirani alikuwa na mafuta mazuri kuliko yetu, lakini hakujua kubishana na mnunuzi wa Uvira. Siku moja sokoni Mama alimsikia anataka kuuza bidoni zake tatu kwa bei ya hasara. Akaingia kati, akazungumza na mnunuzi, bei ikapanda. Mzee hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilipomwamkia alijibu, "Marahaba." Sijui nani alimfundisha.

Kuanzia hapo mtambo wa kukamulia ukawa mmoja. Wao walikuwa nao, sisi tulikuwa na vijana wa kuusukuma. Mama alikwenda na mafuta ya nyumba zote mbili sokoni. Wajukuu zake walikuja kuchambua chikichi kwetu na sisi tukaenda kwao. Kirundi changu changu cha kweli, kile cha mafumbo na matani, nilikipata kwenye rundo la chikichi na si darasani.

Jaribu lilikuja mwaka 2013. Wakati huo msimamo wa tume ulikuwa umebadilika, na kesi nyingi zilizokwisha kugawanywa zilifunguliwa upya ili aliyekimbia arudishiwe shamba lote. Rumonge nzima ilizungumza habari hiyo. Kulikuwa na watu waliofurahi na watu waliolala macho wazi. Baba mdogo alikuja nyumbani na karatasi za kujaza. Hoja yake ilikuwa nzito, nami siwezi kuidharau. Alisema: "Mama, tumefukuzwa, tumekaa miaka thelathini na saba kwenye nchi ya watu, Baba amezikwa ugenini. Leo sheria inasema ni yetu yote. Kwa nini tushukuru kwa nusu?" Yeye alizaliwa Katumba. Shamba hili alilisikia utotoni mwake kila jioni kama wengine wanavyosikia ngano, na katika ngano ile halikuwa na mpaka katikati.

Bibi alikuwa anagonga mise. Hakuacha kugonga. Alisema kwa Kirundi, polepole, na mimi naliweka kwa Kiswahili: "Niliacha michikichi minne. Nimekuta 65. Hiyo mingine 61 niliipanda lini?"

Baba mdogo akasema miti imeota kwenye ardhi yetu. Bibi akasema ndiyo, na ndiyo maana tunakula nusu. Akaongeza kwamba yeye amefukuzwa mara moja, anajua inavyokuwa, na hatasaini karatasi ya kumfukuza mtu mwenye kaburi la mkewe hapo. Baba alikaa kimya muda wote. Mwishowe alizichukua zile karatasi, akazikunja vizuri, akamrudishia mdogo wake.

Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na ningekuwa mwongo kama ningeuacha uonekane mtamu. Nusu ya miti haitoshi familia mbili. Baba mdogo aliondoka, akaenda kufanya kazi ya uvuvi Nyanza-Lac, na kwa miaka minne hakukanyaga kwetu. Mama alilia kwa ajili ya karo, si mara moja. Kulikuwa na majirani, nao waliorudi kama sisi, waliomwambia Bibi kwamba amewasaliti. Baadhi ya walioshinda kesi zao mwaka ule walijenga nyumba za mabati mapya. Sisi tulibaki na matofali ya udongo na miti 32, na mikungu ya mti wa katikati kila baada ya zamu moja.

Nimewaza sana kama Bibi alikuwa sahihi. Siku nyingine nahisi alikuwa na haki, siku nyingine namwonea huruma Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuwa na kwao hata pa nusu. Ninachokijua ni hiki. Mwaka 2015 nchi ilipotikisika tena na watu wa Rumonge wakaanza kufunga mizigo, yule mzee alikuja kwetu usiku. Alimwambia Baba, "Mkiondoka, nitaichunga miti yenu. Nikiondoka mimi, ichunge yangu." Hakuna aliyeondoka. Lakini ninaamini maneno yale yasingesemwa kama zile karatasi zingejazwa.

Bibi alifariki mwaka 2019. Ndugu walikuja kutoka pande zote, na Baba mdogo alikuja pia, akachimba kaburi kwa mikono yake. Familia ya mzee ilileta bidoni mbili za mawese ya kupikia matanga. Shangazi alifika kutoka Katumba kwa pasipoti ya Tanzania. Alipovuka mpaka aliulizwa sababu ya safari, akasema, "Naenda nyumbani kumzika mama yangu." Afisa akaitazama pasipoti, akamtazama yeye, akagonga muhuri.

Sasa tuna jambo jipya, na hili ni la kizazi chetu. Mchikichi huzaa vizuri kwa miaka kama 25 au 30. Baadaye hurefuka mno na mikungu hupungua. Miti yetu ina umri wa miaka arobaini. Ni hatari kuipanda, na mafuta yake hayalingani na kazi. Watu wa kilimo wanashauri ikatwe na ipandwe upya. Mche mpya hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa kitu cha maana. Miaka hiyo tutakula nini? Na kuna swali zito kuliko la njaa. Mzee jirani alipata haki ya nusu kwa sababu alipanda. Miti yake ikikatwa, watu watasema haki yake imekatwa pamoja nayo? Tukipanda sisi, tutasemaje na wao? Baba na mzee wameliongelea mara mbili na mara zote mbili wameishia kuongelea mvua.

Kwa hiyo likizo iliyopita tulikaa watu wengine: mimi, kaka yangu, na mjukuu wa mzee, ambaye anasomea ualimu. Tulichukua daftari. Tumependekeza kukata safu moja kila mwaka, pande zote mbili kwa wakati mmoja, ili isiwepo nyumba inayolala bila mafuta. Katikati ya miche tutapanda maharage na mihogo mpaka majani yafunge. Tumependekeza kwamba miche inunuliwe pamoja, na kwamba kila upande upande kwa mwenzake: sisi tupande kwao, wao wapande kwetu. Hilo la mwisho ni wazo la yule kijana. Alisema hivyo hakuna atakayeweza kusema miti ni yake peke yake. Nililiandika kwa Kiswahili, yeye akaliandika kwa Kirundi, tukawapelekea wazee. Mzee alisoma nakala yake akiwa ameishika mbali na macho, akauliza swali moja tu: mti wa katikati utakatwa lini?

Tulisema wa mwisho.

Baba bado hajakubali. Anasema vijana wana haraka, na kwamba daftari halijui ukame. Baba mdogo, ambaye siku hizi huja kila Idi na kila Krismasi bila kubagua sherehe, amesema atachangia miche kumi akipewa safu yenye jina lake. Hilo nalo litabidi lijadiliwe. Ziwa limepanda sana tangu 2018, limekula nyumba na maduka ya ufukweni Rumonge, na waliohamishwa na maji wanatafuta mahali pa kulima huku juu. Ardhi haiongezeki. Maneno ya kugawana hayajaisha kwetu. Huenda ndiyo yanaanza.

Mwenzangu, ukinikuta bwenini na begi lenye harufu ya mawese, usiniulize mkoa. Mimi ni mtu wa Gatete. Na nikirudia methali ya mkataa kwao, sioni aibu kuongeza kwamba kwetu kuna wenyewe wengine pia, nami najivunia hata miti 32 ambayo si yangu. Likizo ijayo, mvua zikianza, tutaona kama Baba ametia saini.